Mbwa wa Nyumba, Mbwa wa Nani?

Inama kana kwamba unaokota kitu, katika uchochoro wowote wa Manzese au Kisauni, na mbwa koko aliye mbele yako atakuwa ameshageuka na kushika njia. Jiwe bado liko chini. Pengine hata hapakuwa na jiwe. Mbwa hakusubiri kuhakikisha, kwa sababu mgongo wa binadamu ukianza kupinda yeye keshajua kinachofuata. Mbwa huyo hakupelekwa chuo chochote, hana kitabu cha chanjo wala jina. Hata hivyo anausoma mwili wa mtu upesi kuliko tunavyosomana wenyewe kwa wenyewe.

Wauzaji wa mbwa wa kizungu, na wakufunzi wanaotoza kwa saa, hupenda kuonyesha kwamba mbwa ni kiumbe aliyefungwa kwa kufuli na ufunguo anao mtaalamu. Mbwa koko wa uchochoroni anawaumbua. Mbwa anatuelewa vya kutosha. La kuulizwa ni tunampa nini cha kuelewa. Ninavyoona mimi, mbwa hushikamana na mtu anayetabirika, mtu ambaye kuja kwake, mkono wake na sauti yake vina maana ileile leo, kesho na mwezi ujao. Na katika nyua nyingi za Afrika Mashariki mtu huyo siye aliyetoa pesa za kumnunua mbwa.

Ukaribu huu unapimika, na historia ya kipimo chake inapitia kwetu. Katikati ya miaka ya 1950 mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliishi Kampala. Alizitembelea familia za Waganda katika vijiji vya karibu na mji, akaketi na akina mama na vichanga vyao, akaandika alichokiona: nani analia mama akitoka, nani anatambaa hadi mlangoni kisha anageuka kumtazama mama kama bado yupo, nani hutulia akibebwa na mtu mmoja tu. Kitabu chake kuhusu watoto hao wa Uganda kilitoka 1967. Aligundua kwamba mtoto aliyeshikamana vizuri na mama yake hamng'ang'anii kutwa nzima. Humfanya mama kuwa mahali pa kuondokea na mahali pa kurejea, na kwa sababu ana pa kurejea, huthubutu kwenda mbali. Baadaye, huko Baltimore nchini Marekani, Ainsworth alitunga jaribio la chumba kigeni: mtoto huingizwa na mama yake, mgeni huja, mama hutoka, mama hurudi, na watafiti hutazama.

Mwaka 1998 József Topál na wenzake wa Budapest, Hungaria, waliufuata utaratibu huohuo, ila mahali pa mtoto wakamweka mbwa na mahali pa mama wakamweka mwenye mbwa. Walipima mbwa 51. Mwenyewe alipokuwepo, mbwa alinusa kona za chumba na kucheza. Alipotoka, mbwa alikwenda kusimama mlangoni, na mgeni hakuweza kuliziba pengo lile hata akijaribu kucheza naye. Mwenyewe aliporudi alipokewa kwa namna ambayo mgeni hakupokewa. Mbwa si kichanga, na mtu asinisome kana kwamba nasema tuwafunge nepi. Lakini umbo la uhusiano, lile la kuondoka na kurejea, ni lilelile lililoonekana kwenye vyumba vya Buganda.

Kipimo hicho hakihitaji maabara. Siku mpira wa lori utakapopasuka barabarani, au radi ya masika itakapopiga juu ya bati, tazama mbwa wako anakimbilia wapi. Akikujia wewe, mna uhusiano. Akijificha nyuma ya tangi la maji, mna mkataba wa chakula tu. Akimkimbilia mlinzi wa usiku, basi mbwa ana mtu wake tayari, na wewe ni mwenye nyumba.

Chakula chenyewe kinapewa sifa kupita kiasi katika jambo hili. Watu husema mbwa humpenda anayemlisha, wakadhani hapo wamemaliza maneno. Kuna ukweli ndani yake: anayebeba sufuria ya ugali wa dona na dagaa kila jioni saa ile ile, na kumwita mbwa kwa mluzi ule ule, anajenga kitu. Ila sehemu kubwa ya anachokijenga inatokana na ule ukawaida, kuliko dagaa wenyewe. Watafiti wa India walioongozwa na Anindita Bhadra walilijaribu hili kwa mbwa wa mitaani, mbwa wanaofukuzwa kwa mawe kama hawa wetu. Watu wasiojulikana na mbwa waliwaendea mara kwa mara, wengine wakiwapa chakula, wengine wakiwapapasa kichwani tu. Matokeo, yaliyochapishwa 2017, yalionyesha kwamba waliopapaswa ndio waliomzoea mgeni zaidi na kumsogelea kwa urahisi. Mbwa mwenye njaa alichagua mkono. Waswahili walishaonya kwamba ukicheza na mbwa atakufuata hadi msikitini. Walikuwa wakiwasema watu waliozoeshwa vibaya, lakini ni wazi kwamba aliyetunga maneno hayo alikuwa amewatazama mbwa kwa makini.

Maneno matupu, kwa upande mwingine, hayana uzito tunaodhani. Erica Feuerbacher na Clive Wynne, katika utafiti wa 2015 uliofanyika Marekani, waliwapa mbwa nafasi ya kuchagua kati ya mtu anayewapapasa na mtu anayewasifu kwa sauti tamu. Mbwa walikwenda kwa anayepapasa. Sifa peke yake haikuwavuta kuliko kutofanyiwa chochote. Sauti huwa na thamani baada ya kuunganishwa na jambo, na jambo hilo lazima lije kila sauti inapokuja. Hapa nyumba nyingi hukosea. Baba anasema "kaa", mtoto aliyejifunza kwenye katuni anasema "sit", dada wa kazi anasema "ishia hapo", na mbwa akisimama akiwatumbulia macho wote watatu anaitwa mjinga. Sijui ni nani aliyetuaminisha kwamba mbwa huzaliwa na Kiingereza. Mbwa hajali lugha. Anachotaka ni nyumba ikubaliane.

Mtu aliyesoma kidogo atanitajia utafiti wa Japani wa 2015, ule wa Miho Nagasawa na wenzake, ulioonyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana machoni kwa muda, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili, ile ile inayohusika na mama na mtoto anayenyonya. Ni matokeo ya kuvutia, na mbwa mwitu wa kufugwa hawakuyaonyesha. Lakini sipendi yanavyotumiwa. Mtu anarudi nyumbani, anamkamata mbwa wake kichwa na kumkodolea macho akisubiri homoni. Kwa mbwa asiyekuzoea, kukodolewa macho ni uchokozi, na wengi wameng'atwa usoni hivyo. Kutazamana kwa utulivu huja baada ya kuzoeana.

Sasa tuingie uani, maana ndiko mambo yanakoharibikia. Uzio wa matofali, geti jeusi, kibao cha MBWA MKALI, na nyuma ya nyumba banda la mbao lenye wavu. Mbwa anafungiwa humo saa kumi na mbili asubuhi, mwanga ukitoka, na anafunguliwa usiku wageni wakishaondoka. Katikati ya hizo saa haguswi. Mwenye nyumba ana nadharia yake, na utaisikia Mbezi, Karen na Nyali bila tofauti: mbwa wa ulinzi asizoeshwe watu, asibembelezwe, asitolewe nje, maana upendo utamlegeza na mwizi atampita. Wapo hata wanaompaka pilipili puani, au kumnyima chakula, ili awe mkali.

Nadharia hiyo inachanganya hofu na ulinzi. Mbwa aliyefungiwa kutwa nzima bila kuona watu anaogopa watu wote, na mbwa anayeogopa huuma pale anapobanwa na hukimbia pale anapopata nafasi. Atamrukia mtoto wa jirani aliyefuata mpira, kisha usiku akitupiwa kipande cha nyama juu ya ukuta atakila na kunyamaza, kwa sababu hakuna mtu ndani ya nyumba ile ambaye mbwa anamhesabu kuwa wake. Ulinzi wa kweli unahitaji mbwa anayejua hali ya kawaida ikoje: nani huja na gesi, nani huja kusoma mita, sauti ya gari la mama ni ipi, ili lisilo la kawaida limshtue. Maarifa hayo hayapatikani bandani. Askari wa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Polisi Tanzania hawaongozi mbwa wasiowajua. Kila mbwa hufanya kazi akiwa pembeni ya mtu aliyemzoea, na akiambiwa aachie, huachia. Mbwa asiye na mtu hana wa kumwambia aachie.

Tazama pia mbwa wa wafugaji. Hapapaswi sana, hapewi shampuu, hana hata banda. Lakini kutwa nzima yuko na mchungaji na ng'ombe, analala kivulini pale mchungaji anapolala, anaamka anapoamka, na fisi akinusa zizini usiku ndiye anayepiga kelele za kwanza. Kinachowaunganisha ni saa walizotembea pamoja. Mwenye mbwa wa mjini anayetaka ukaribu na hana subira ya kubembeleza angeanza hapo: kamba, mkanda wa shingoni, na nusu saa ya kutembea kila alfajiri kabla ya bodaboda kuanza. Kutembea pamoja kuna faida ambayo uani haipo: mbwa anakutana na vitu vipya akiwa na wewe, na kila anapotishika akakuta wewe umetulia, umeongeza akiba.

Umri nao una sauti kubwa katika haya yote. Katika maabara ya Bar Harbor, jimbo la Maine, John Paul Scott na John Fuller walitumia miaka mingi kuwatazama mbwa wakikua, na kitabu chao cha 1965 bado kinategemewa. Kuna kipindi, kuanzia kama wiki ya 3 hadi ya 12 hivi, ambamo mtoto wa mbwa huandika ndani yake ni viumbe gani wa kawaida na ni wepi wa kuogopwa. Mwaka 1961 watafiti wa kituo hichohicho waliwakuza watoto wa mbwa ndani ya uzio mpana bila kuguswa na binadamu. Waliochukuliwa na kuzoeshwa wakiwa na wiki chache walikaribia watu haraka. Walioachwa hadi wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini, na hata baada ya juhudi nyingi hawakufikia wenzao.

Fikiria basi mtoto wa mbwa anavyonunuliwa kwetu. Anaonyeshwa kando ya barabara ndani ya boksi, umri unadanganywa, analetwa nyumbani, na kwa sababu bado ni mdogo na anachafua, anawekwa bandani "hadi akue". Wiki zilezile ambazo angepaswa kuona watoto, wazee wenye fimbo, wanawake wenye mabuibui, ndoo, pikipiki na mvua, anaziona mbao nne. Akitimiza miezi sita anafunguliwa, na watu wanashangaa kwamba anamng'ata kila mtu isipokuwa aliyekuwa akimpelekea uji. Hapo mwenye nyumba hujisifu kwamba amepata mbwa mkali.

Habari njema ni kwamba dirisha la wiki hizo za mwanzo halifungwi kabisa kwa mbwa aliyewahi kuzoea watu na kisha akaachwa. Watafiti wa Budapest, Márta Gácsi na wenzake, waliwaendea mbwa wakubwa wa kwenye makao ya mbwa waliotelekezwa. Mtu mmoja alikaa na mbwa dakika 10, mara tatu tu. Baada ya hapo mbwa walipoingizwa kwenye jaribio la chumba kigeni walimchukulia mtu yule kama wao. Matokeo hayo ya 2001 yananifurahisha na kunitia huzuni kwa pamoja. Nusu saa! Kuna mbwa wanaoishi miaka 10 kwenye nyua zetu bila kupata nusu saa ya namna hiyo kutoka kwa mtu anayewaita wake.

Fimbo nayo inataka neno lake. Ni kweli kwamba mbwa anayepigwa hutii, angalau aliyeshika fimbo akiwepo. Mwaka 2020 watafiti wa Porto, Ureno, walichapisha kazi waliyoifanya kwa mbwa 92 kutoka shule mbalimbali za mafunzo, nyingine zikitumia zawadi, nyingine zikitumia kukaripia, kuvuta mnyororo na maumivu. Mbwa wa kundi la pili walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo na homoni yake ilipanda zaidi baada ya somo. Kisha likaja jaribio la bakuli. Mbwa hufundishwa kwamba bakuli likiwekwa upande huu lina chakula, likiwekwa upande ule ni tupu. Likiwekwa katikati, je, ataliendea mbio au atajikokota? Waliofundishwa kwa ukali zaidi walijikokota. Walikuwa wamejifunza kutegemea mabaya hata mahali ambapo hakuna aliyewatishia. Mbwa wa namna hiyo hakusomi tena wewe. Anaisoma fimbo, na siku utakapokuja bila fimbo hatakuwa na la kufanya na wewe.

Ninaposema mkono na kupapasa, najua msomaji wa Pwani anajiuliza kuhusu udhu. Jambo hili haliwezi kurukwa, na wanaharakati wa wanyama kutoka nje hulikosea kila mara, wakidhani ni chuki. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Uswahilini, unyevu wa mbwa ni najisi nzito: chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Wamaliki huona tofauti. Hadithi zinakataza kufuga mbwa bila haja, na zinaruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Kurani yenyewe, katika Suratul Maida, inaruhusu kula kilichokamatwa na wanyama wawindaji waliofunzwa, na mbwa wa watu wa pangoni ametajwa pamoja nao katika Suratul Kahf. Mtu aliyeteremka kisimani akampa maji mbwa mwenye kiu alisamehewa. Sheria hiyo inaweka mpaka kwenye mate na unyevu. Haikatazi ukaribu wa kazi, wa wakati na wa huruma, na najisi kwa fiqhi ya Kishafii huhama palipo na unyevu, si pakavu kwa pakavu. Wasasi wa Unguja na Pemba, wanaowinda nguruwe wanaoharibu mashamba, wamekuwa na mbwa wao vizazi na vizazi, wakiwajua kwa majina na tabia, na wakienda kuswali wamejitoharisha.

Pemba ina nafasi ya pekee katika elimu ya mbwa duniani, ingawa Wapemba wachache wanalijua hilo. Raymond na Lorna Coppinger, katika kitabu chao cha 2001, walitumia mbwa wa vijiji vya Pemba kuonyesha jinsi mbwa wa kwanza walivyoweza kuishi: pembeni mwa makazi ya watu, wakila wanachotupa watu, bila kufugwa na mtu mmoja. Hoja yao ni kwamba mbwa hakukamatwa porini akafugwa. Alijileta mwenyewe jalalani, na wale waliomwogopa mtu kidogo kuliko wenzao ndio waliozaana. Wapo wanaowapinga kuhusu asili hiyo, na mjadala haujaisha. Ila picha ya Pemba inatufaa kwa jambo jingine: inaonyesha kwamba kuishi jirani na mbwa na kuwa na uhusiano na mbwa ni mambo mawili, na la kwanza linaweza kudumu miaka elfu bila la pili kuzaliwa.

Palepale Pemba jambo la pili liligeuka kuwa suala la uhai. Kichaa cha mbwa huua takriban watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote hupata ugonjwa kutoka kwa mbwa. Dalili zikishatokea, hakuna dawa. Kabla ya hapo, kidonda kikioshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na mtu akapata chanjo upesi, hunusurika. Lakini njia nafuu ni kuchanja mbwa. Wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, virusi hukosa pa kupita. Pemba ilifanya kampeni za chanjo kuanzia 2010, na kufikia 2014 ugonjwa ulikuwa umekatika kisiwani. Ukarejea 2016, kampeni zikaanza tena, ukakatika mara ya pili mwaka 2018.

Kinachofanya asilimia 70 kuwa ngumu si sindano. Ni nani atamshika mbwa. Kwenye vituo vya chanjo, chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji, ukitazama foleni utakuta wengi walioleta mbwa ni watoto, na kamba mkononi ni kipande cha kanga au mkonge. Mtoto anamshika mbwa shingoni, anamfunika macho kwa kiganja, na afisa mifugo anachoma. Baba, ambaye ndiye mwenye mbwa kwenye orodha ya kijiji, hawezi kumkaribia. Mbwa wasiofika kituoni kwa kawaida ni hao wasioshikika: mbwa wakali wa getini na mbwa wasio na mtu. Kwa hiyo ule ukali ambao mwenye nyumba anajivunia unamwacha mbwa wake bila kinga, na familia nayo. Hata simba wameingia katika hesabu hii: mwaka 1994 virusi vya distempa, ambavyo vinaaminika kutoka kwa mbwa wa vijijini, viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na tangu hapo mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi wamekuwa wakichanjwa.

Kushikika kunafundishwa kwa dakika chache kila siku, na kazi nzuri kuliko zote kwa ajili hiyo ni kutoa kupe. Mbwa wetu wana kupe. Anayekaa kibarazani jioni akamwinua mbwa sikio, akapekua kati ya vidole, akagusa fizi, akatazama chini ya mkia, anamtibu na kumzoesha mikono kwa wakati mmoja. Aanze pale mbwa anapopenda, kifuani na chini ya sikio, asianzie juu ya kichwa. Mbwa akikaza mwili, akilamba pua, akigeuza uso, mkono urudi. Mbwa anayeona kwamba akisema "basi" kwa mwili anasikilizwa, hana haja ya kusema kwa meno. Asiyetaka kugusana na unyevu avae glovu, mbwa hatanuna.

Wale wanaosema kwamba sisi hatukuzaliwa na desturi ya mbwa waende Usa River, karibu na Arusha. Shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mwaka 2014 mpango wa mbwa wa kunusa pembe za ndovu na faru na magamba ya kakakuona, na huko ndiko kilipo kituo cha mafunzo. Mbwa huletwa kutoka Ulaya. Waongozaji ni askari wa wanyamapori wa Kiafrika, na wengi wao walikulia walikokulia wengi wetu, ambako mbwa alikuwa wa kurushiwa jiwe. Kabla ya kunusa chochote, mtu na mbwa wanalazimika kuzoeana: kumlisha, kumsafisha, kumpiga brashi, kucheza naye mpira. Mpira ndio mshahara. Mbwa akinusa sanduku lenye pembe anakaa chini, na mwongozaji anatoa mpira, na wote wawili wanafurahi kama watoto. Mbwa waliotoka kituo hicho wamefanya kazi bandarini Mombasa na kwenye viwanja vya ndege vya Nairobi na Dar es Salaam. Mtu mzima aliyeogopa mbwa maisha yake yote amejifunza, kwa sababu ilikuwa kazi yake na alipewa saa za kuifanya.

Saa hizo katika nyumba za kawaida zimeangukia kwa mlinzi. Ndiye anayekesha na mbwa, ndiye anayegawana naye mkate saa nane usiku, ndiye anayejua kwamba mguu wa nyuma unamuuma. Kumbe uhusiano wa mbwa na nyumba uko mikononi mwa mtu anayelipwa mshahara mdogo kuliko wote nyumbani, anayeweza kuondoka mwisho wa mwezi. Akiondoka, mbwa husimama getini, hali, halafu anambwekea mrithi wake kama mwizi. Mwenye nyumba husema mbwa ameharibika na kutafuta wa kumuuzia.

Kwa hiyo mlinzi akitoa taarifa, mpya aanze kabla wa zamani hajaondoka, walau wiki mbili. Siku za kwanza wa zamani abebe sufuria na mpya atembee pembeni yake, baadaye wabadilishane. Mluzi uwe uleule na saa iwe ileile, na mwenye nyumba mwenyewe awepo jioni mbili tatu ili mbwa aone watu wake wakisimama pamoja. Gharama yake ni nusu mshahara wa ziada. Wengi huikataa, kisha huilipa zahanati, mlinzi mpya akishachomwa sindano za kwanza za kichaa cha mbwa.